Barua ya shukrani haina swali

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mwalimu mkuu ambaye shule yake imepata shule rafiki ng'ambo. Alikuwa na furaha kubwa, nami nikafurahi naye. Kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, hawa watatuletea nini?"

Nimeratibu ushirikiano wa shule za msingi kwa miaka 11. Swali hilo nimeulizwa na walimu wakuu, kamati za shule, wazazi, hata na maofisa ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kulijua jibu. Nilimwomba mwalimu mkuu anipe siku chache, na jibu lenyewe ndilo hili. Safari ijayo anayeuliza nitamtumia kiungo.

Shule rafiki si mfadhili. Mfadhili ana kazi yake, na ziko shule nyingi ambazo zisingekuwa na paa bila yeye. Sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni kuwachanganya wawili hawa, kwa sababu mkishamfanya rafiki kuwa mfadhili, watoto hawabaki na la kuandikiana. Nimeshuhudia hilo kwa macho yangu.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la nne siku ambayo shehena ya kalamu na madaftari ilifika kutoka shule rafiki. Mwalimu aliandika ubaoni sentensi tatu za shukrani, wanafunzi wakazinakili. Jioni, kabla barua hazijatiwa kwenye bahasha, nilizipitia zote 43. Miandiko tofauti, maneno yaleyale. Nikaanza kutafuta alama ya kuuliza. Hamkuwa na hata moja. Barua ya shukrani haina swali, na barua isiyo na swali haidai jibu. Upande wa pili waliandika kwa upole kwamba wamefurahi kusikia mzigo umefika salama, basi, ikawa kimya. Hakuna aliyekosa adabu. Mazungumzo yaliisha kwa sababu hayakuwa na mahali pa kwenda.

Tangu siku hiyo, nikikabidhiwa bunda la barua za wanafunzi, kazi yangu ya kwanza ni kuhesabu alama za kuuliza.

Ila si kila chenye alama hiyo ni swali, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo panaponiumiza kichwa zaidi. Kuna "Je, mna simba?" na ndugu yake "Je, mna theluji?" Mtoto anayeuliza hivyo tayari ana picha kichwani, anachotaka ni kuthibitishiwa tu. Simlaumu mtoto, picha hiyo kaipata kwenye katuni. Namlaumu mwalimu anayeliacha swali lipite kama lilivyo, halafu kwenye ripoti anaandika kwamba wanafunzi wamejifunza tamaduni mbalimbali. Hawajajifunza kitu. Wameuliza walichokijua, wakajibiwa walichokijua.

Kuna pia lile la kubadilishana maonyesho: sisi tunawatumia wimbo wetu, nao wanatutumia wao. Tunapiga makofi, wanapiga makofi. Ni jambo jema kwa siku moja. Lakini ukiuondoa upande mmoja, upande wa pili bado ungeimba wimbo wake uleule. Hakuna aliyemhitaji mwenzake. Swali ninalolitafuta mimi ni lile ambalo shule yako haiwezi kulijibu mpaka wale wengine wafanye kazi, na ukijibiwa vibaya, kazi yako pia inaharibika.

Nitatoa mfano mmoja, ule ninaoupenda kuliko yote. Unahitaji kijiti, futi kamba na uwanja wa mchanga. Shule moja iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, nyingine karibu digrii 52 kaskazini. Kila upande unasimamisha kijiti cha mita 1 na kupima kivuli adhuhuri. Machi 20, siku ambayo jua liko juu ya ikweta, shule ya kusini ilipata kivuli cha sentimita 5 hivi na ya kaskazini sentimita 128. Hapo watoto wa pande zote mbili walidhani wamekwisha kuelewa: kwetu vivuli ni vifupi, kwao ni virefu.

Katikati ya Juni wakapima tena. Wa kusini wakapata sentimita 49, wa kaskazini 60. Darasa la kusini halikuamini. Wengine wakasema futi kamba imevutika. Lakini wao walikuwa wamepima kila baada ya dakika 10, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu, wakachukua kivuli kifupi kuliko vyote, na jedwali lao lilijaa ukurasa mzima. Kutoka kaskazini ilikuja namba moja, pekee. Msichana mmoja akaandika sentensi ambayo nimeihifadhi hadi leo: "Kwa nini ninyi mna namba moja tu?"

Lilikuwa swali zuri sana, na jibu lake lilichukua wiki nzima. Wale wa kaskazini walikuwa wamepima saa sita kamili kwa saa ya ukutani. Kwao Juni saa zimesogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi, kwa hiyo jua hufika juu kabisa karibu saa saba. Wakarudi uwanjani, wakapima mara 13, wakapata 55. Na hapo ndipo likaja jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: vivuli vilikaribiana urefu, 49 na 55, lakini cha kusini kilielekea kusini na cha kaskazini kilielekea kaskazini. Mtoto aliyeishi maisha yake yote kwenye digrii 52 hajawahi kuona kivuli cha adhuhuri kikielekea kusini. Hakuwa na njia ya kukiona ila kupitia kwa mwenzake.

Hakuna upande uliompa mwenzake kitu cha kubebwa kwenye boksi. Lakini kila darasa lilikuwa na nusu ya jibu, na lililalamika nusu ya pili ilipochelewa. Mtu akiniuliza usawa kati ya shule zisizo sawa kwa mali unapatikana wapi, namwonyesha jedwali lile lililojaa ukurasa.

Wazo hili, kwa kweli, ni la zamani kuliko intaneti, ingawa watu huniambia kila siku kwamba bila kompyuta haliwezekani. Katika miaka ya 1920 vijana wa Msalaba Mwekundu shuleni walikuwa wakitumiana albamu za michoro, picha na barua kati ya nchi na nchi. UNESCO ilianzisha mtandao wake wa shule mwaka 1953, kwa shule 33 katika nchi 15. Mwaka 1988 zikaunganishwa shule za Moscow na za jimbo la New York, na kazi ile ndiyo iliyozaa iEARN, mtandao wa shule za nchi mbalimbali zinazofanya miradi ya pamoja. Umoja wa Ulaya ulizindua eTwinning, jukwaa la mtandaoni la kuunganisha shule, mwaka 2005. Vyombo vimebadilika sana. Kazi ya mwalimu wa darasa haijabadilika.

Kalenda niseme haraka. Uingereza mwaka wa shule huanza Septemba na kuisha Julai. Tanzania na Kenya huanza Januari. Japani huanza Aprili. Australia huanza mwishoni mwa Januari. Ukiunganisha darasa la Uingereza na la Kenya, watoto walewale na walimu walewale watakuwa pamoja kuanzia Januari hadi Julai tu, na ukitoa likizo za pande zote mbili utabaki na wiki chache kuliko ulivyoahidi kwenye fomu. Panga mradi wa wiki sita. Usipange wa mwaka.

Saa nazo. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nchi za ikweta hazigusi saa zao, kwa hiyo miadi ya Februari haifai mwezi Aprili. Na wewe unayeandika "saa nne", hakikisha mwenzako anajua kama ni saa nne ya Kiswahili au ya kimataifa. Tofauti ya saa sita imeshawahi kuniachia darasa zima likitazama skrini tupu.

Picha za watoto: msitume bila ridhaa ya wazazi kwa maandishi, hata kama mnaona ni urasimu. Shule rafiki ikiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2018 inabanwa na sheria kali ya kulinda taarifa binafsi, kwa hiyo wakifunika nyuso za wanafunzi wao msidhani wanawaficha. Nanyi watoto wenu wana haki ileile. Sijui kwa nini jambo hili hunilazimu kulisema mara mbili mbili.

Sasa uhamisho wa walimu, ambao umeua ushirikiano mwingi kuliko ukosefu wa fedha. Kwenye karatasi mkataba ni wa shule na shule, una mihuri miwili na saini za walimu wakuu. Kiuhalisia ni wa mwalimu na mwalimu. Yule aliyekuwa akijibu ujumbe usiku akihamishwa, aliyebaki hukuta faili lenye cheti na picha ya pamoja, basi. Uingereza ilipotoka Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, mwishoni mwa mwaka 2020, shule zake zilipoteza na eTwinning. Mwalimu aliyekuwa na anwani ya mwenzake aliweza kuendelea. Aliyekuwa na akaunti ya jukwaa tu hakuwa na pa kuanzia. Kwa hiyo nasisitiza walimu wawili kila upande, si mmoja, na daftari la mradi likae darasani. Likikaa kwenye simu ya mtu, siku akiondoka linaondoka naye.

Sina budi kusema pia ninachokitilia shaka. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi tofauti hupunguza chuki pale watu wanapokutana kwa hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana kulifikia, na mamlaka zikiwaunga mkono. Tazama boksi la kalamu kwa masharti hayo: mmoja anatoa, mwingine anapokea, lengo la pamoja halipo. Naogopa kwamba ushirikiano wa namna hiyo unaweza kuwaacha watoto wakidharauliana zaidi kuliko kama wasingewahi kuandikiana. Mtoto wa upande mmoja anajifunza kwamba wale ni wa kusaidiwa, na wa upande huu anajifunza kuomba vizuri. Hofu hiyo huwa nayo hata kwenye miradi yangu mwenyewe, maana mwaka mmoja wa barua ni mfupi mno kubadilisha kichwa cha mtu, na sijawahi kupata njia ya kukipima kichwa hicho miaka kumi baadaye.

Na kuna jambo linanikosesha raha. Miaka kadhaa iliyopita shule rafiki ilitaka kutuma vitabu. Nilimshauri mwalimu mkuu avikatae mpaka mradi uishe, ili barua zisigeuke kuwa za shukrani. Alikubali kwa heshima. Mradi ulikwenda vizuri, ukaisha, na vitabu havikuja tena; upande wa pili walikuwa wamevipeleka kwingine. Darasa lile lilikuwa na kitabu kimoja cha kusoma kwa watoto watano. Nilikuwa sahihi kuhusu barua. Kuhusu vitabu, kila nikikumbuka watoto wale watano wameinamia ukurasa mmoja, siwezi kujitetea. Siku hizi nasema vitu vikija vipokelewe na kamati ya shule, mwalimu mkuu aandike shukrani moja rasmi, na darasa lenye mradi lisihusishwe kabisa. Utaratibu huo una kasoro, kwa sababu watoto wana macho, wanayaona maboksi. Bora zaidi ya huo sijaupata.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, hawa watawaletea namba za vivuli vyao, mkiwaomba. Katika barua ya kwanza msijieleze kurasa tatu na msitaje mahitaji ya shule. Wapeni wanafunzi waandike maswali matatu ambayo hawawezi kuyajibu bila wale wengine, na muwaombe nao watume matatu. Yakija ya simba, yajibuni kwa ukweli, kisha waulizeni wamelipata wapi wazo hilo.

Kama mtaanza na kijiti, siku nzuri ni Septemba 22 au 23, jua likiwa tena juu ya ikweta, na shule zinazofungua Septemba zitakuwa zimeshatulia. Pimeni kila baada ya dakika 10, saa moja kabla na saa moja baada ya adhuhuri, na andikeni kivuli kimeelekea upande gani. Kijiti kiwe mita 1 kamili juu ya ardhi. Ile sehemu iliyofukiwa haihesabiwi.