Kabla ya kulipia programu ya mazoezi ya nyumbani

Programu ya mazoezi ya kwenye simu haikuoni. Haijui kama magoti yako yanaingia ndani unapochuchumaa, wala kama kiuno kimezama ukipiga pushapu. Ndiyo maana wingi wa mazoezi yaliyomo hausemi kitu. Angalia mambo mawili: inakuuliza nini kabla ya kuanza, na inakuruhusu kubadilisha nini ukishaanza.

Maswali ya msingi ni umri, maumivu ya zamani, ujauzito au kujifungua karibuni, shinikizo la damu, maumivu ya kifua, kizunguzungu, na kiwango chako cha sasa. Ikiuliza tu unataka kupungua kilo ngapi kisha ikakupeleka kwenye ukurasa wa malipo, ifute. Mwenye presha, kisukari au mimba apite kituo cha afya kwanza, hata kama programu imenyamaza. Na yeyote anayebanwa kifua au kuona giza katikati ya zoezi asimame hapo hapo, saa ya kwenye skrini iendelee kuhesabu peke yake.

Kisha fungua zoezi moja gumu utazame kama lina namna rahisi. Pushapu, kwa mfano, zianzie mikono ikiwa ukutani, halafu kwenye meza isiyoyumba, halafu magoti chini, ndipo zije zile kamili. Tafuta pia kipengele cha mazoezi bila kuruka. Kwa anayeishi kwenye muzigo, yaani chumba cha kupanga kilichopangana na vingine, sakafu ni saruji na jirani yuko nyuma ya ukuta mmoja. Kuruka dakika kumi kunaumiza magoti yako na masikio yake. Nafasi inayotosha ni ya mkeka, mita 2 kwa 1.

Programu nyingi za mazoezi bila vifaa zina kasoro moja: zimejaa kusukuma na kuchuchumaa, kuvuta hakuna, hivyo misuli ya mgongo husahauliwa. Dawa yake ni jerikeni. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo jerikeni ya lita 5 iliyojaa ni kilo 5 na ushee. Shika kiti kwa mkono mmoja, inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta jerikeni hadi ubavuni mara 10 kila upande, seti 3, yaani mizunguko mitatu ya hivyo. Ijaze mpaka juu na kukaza kifuniko. Ikiwa nusu, maji huyumba na kuvuta kifundo cha mkono. Usianze na ile ya lita 20.

Mpango mzuri hupanda polepole. Wiki ya kwanza seti 2 za mara 8 zinatosha, kisha ongeza marudio mawili matatu kila wiki. Programu inayokupa skwati (kuchuchumaa na kuinuka) 100 siku ya kwanza itakuacha ukishindwa kukaa kwenye boda, maana maumivu ya misuli hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na wengi huachia hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya nguvu siku 2 au zaidi. Ahadi ya tumbo bapa kwa siku 21 iko nje ya hesabu hiyo: mwili hauchagui kuchoma mafuta pale tu unapopafanyia kazi. Namba za kalori nazo ni makadirio, zisikupe ruhusa ya sahani ya pili ya matoke.

Upande wa data, jaribio ni rahisi. Pakua programu, zima intaneti, anzisha zoezi. Likiendelea, michoro imehifadhiwa kwenye simu. Likigoma, unatazama video za mtandaoni: dakika 20 za ubora wa kawaida hula takriban MB 200, na mara 4 kwa wiki ni zaidi ya GB 3 kwa mwezi. Ikiomba kusoma namba za watu wako au ujumbe wa SMS, kataa. Kuhesabu skwati hakuhitaji hayo.

Pesa ndizo huwachoma wengi. Bei huandikwa kwa mwezi, kumbe hukatwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na siku 7 za majaribio zikiisha kadi hukatwa bila kuulizwa tena. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ingia Play Store, gusa picha yako juu kulia, fungua sehemu ya malipo na usajili, chagua programu husika na usitishe, angalau siku mbili kabla ya majaribio kwisha. Piga picha ya skrini inayothibitisha, uitunze hadi mwezi unaofuata upite bila makato.