Kansa ya mdomo si cheti cha uzinzi

Klipu ileile imezunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Lamu: kansa ya mdomo inaletwa na virusi vya HPV, HPV ni ya zinaa, basi mwenye kansa ya mdomo ajulikane alichokifanya. Nimechoka nayo.

Juzi kijana alimleta bibi yake kliniki, akanivuta kando kuniuliza kama ni kweli. Kweli nini, mwanangu? Bibi anatafuna tambuu tangu hajaolewa: popoo, chokaa, katu na tumbaku, shavu la kushoto siku zote. Doa jeupe lenye ukingo mgumu lilikuwa palepale anapoiweka, na mdomo wenyewe haukunjuki, hata vidole viwili haviingii. Popoo hukaza nyama za shavu namna hiyo. Tena popoo yenyewe, bila tumbaku, WHO kupitia shirika lake la utafiti wa saratani iliitangaza kuwa inasababisha saratani, mwaka 2003. Kuberi na ugoro, ambavyo ni tumbaku, sina haja ya kuvieleza.

Sikatai HPV. Aina ya 16 inasababisha saratani, hilo halina ubishi. Lakini maskani yake ni nyuma: mafindofindo na shina la ulimi, ambako nyama ina vishimo vyembamba ambamo virusi hujificha. Huko Marekani, kiasi cha saratani 7 kati ya 10 za sehemu hiyo ya koo zinahusishwa na HPV. Watu wanaichukua takwimu hiyo ya koo la Mmarekani na kumbandika nayo bibi wa Langoni shavuni! Kwenye shavu, ufizi na ulimi wa mbele, mchango wa HPV ni mdogo. Anayesema "mdomo na koo" kwa pumzi moja ameshakosea kabla hajamaliza sentensi.

Na hata ikiwa kooni, ushahidi wa nini? Ndiyo, njia kuu ni mdomo kukutana na sehemu za siri, nimeshasema, tuendelee. Wengi wetu tunaipata HPV wakati fulani maishani, na mwili huiondoa bila sisi kujua. Kwa wachache inabaki, na saratani huja miongo kadhaa baadaye. Nani aliyempa nani, maabara haisemi.

Maabara yenyewe mara nyingi haitafuti virusi. Inapima protini ya p16, ambayo hupanda virusi vikiwa kazini. Shida ni kwamba hupanda pia bila virusi, hasa penye saratani chache za HPV. Majibu yakirudi "p16 chanya", mimi bado nina shaka.

Chanjo? Mpelekeni binti. Kenya inaitoa tangu 2019 kwa ajili ya mlango wa kizazi, na sababu hiyo inatosha. Kuhusu koo, Marekani iliongeza matumizi hayo 2020 kwa idhini ya haraka, uthibitisho ufuate baadaye. Waliochanjwa wana HPV kidogo mdomoni, hilo limeonekana. Saratani yenyewe inataka miaka mingi ya kungoja.

Kidonda kikipita wiki tatu hakijapona, doa jeupe au jekundu lisilofutika, mtoki wa shingoni usiouma kwa mtu mzima: njooni tukate kinyama kidogo kipimwe. Ila kipimo cha kumchunguza HPV ya koo mtu asiye na dalili hakipo, kwa hiyo, dada zangu, msiniletee waume zenu.