Homoni, mfupa na miaka 10 ya mwanzo baada ya kukoma hedhi

Mama mmoja wa miaka 56 aliletwa kliniki na binti yake, mkono ukiwa kwenye plasta. Aliteleza mlangoni mwa jiko, akajikinga kwa kiganja, na mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Yeye alilaumu maji yaliyomwagika. Mimi niliwaza kwamba mtu akianguka kutoka kimo chake tu, mfupa ulio imara kwa kawaida huhimili. Nilipomuuliza hedhi ilikoma lini, alijibu: “Huu mwaka wa sita, daktari.”

Mfupa ni kiungo hai kinachobomolewa na kujengwa upya maisha yote. Zipo seli zinazokula mfupa uliochakaa na seli zinazojaza pengo, na estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa na ovari, ndiyo inayozizuia zile za kwanza zisipitilize. Ovari zinapoacha kuitengeneza, ulaji huupita ujenzi, kwa kasi kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo: mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake ndani ya miaka 5 hadi 7, bila maumivu yoyote ya kumshtua.

Estrojeni hiyo inaweza kurudishwa kwa dawa, lakini wengi huiogopa. Hofu ya tiba hii ya homoni ilitokana hasa na utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani, ambao sehemu yake ya wanawake 16,608, waliopewa estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni, homoni nyingine ya kike) au kidonge kisicho na dawa, ilisitishwa mwaka 2002. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti waliongezeka 8, na wa kiharusi 8. Waliovunjika nyonga, hata hivyo, walipungua 5. Jambo linalosahaulika, na ambalo kwangu ndilo kiini, ni kwamba wastani wa umri wa washiriki wote ulikuwa miaka 63, si wanawake ambao hedhi imekoma juzijuzi.

Ndiyo maana kwa tiba hii humfikiria kwanza mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, hasa akisumbuliwa na joto la ghafla. Mwenye mji wa mimba lazima aongezewe projestini, kwa kuwa estrojeni peke yake huweza kuleta saratani ya ukuta wake wa ndani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu miguuni simpi. Na kwa bibi wa miaka 70 ambaye shida yake ni mifupa tu, sianzi na homoni. Dawa kama alendroneti, isiyo homoni na inayopunguza ulaji wa mfupa, humfaa zaidi.

Mama yule alikuwa akiamka usiku kubadilisha kanga iliyolowa jasho, na hakuwa na kizuizi chochote, kwa hiyo nilimwanzishia estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, ambayo haielekei kugandisha damu kama vidonge, pamoja na projesteroni. Nilimsisitizia binti yake jambo moja: kinga hii hudumu dawa ikitumika, na ikiachwa mfupa huanza tena kupungua, kwa hiyo wasiiache kabla hatujakubaliana ni dawa gani itashika nafasi yake.