Kubana mtaala: maana yake katika Maarifa ya Jamii kwa wanafunzi wenye vipawa

Mtu anayebana matumizi halali njaa. Haendi dukani kununua sukari iliyomo kabatini tayari, na hela ile anaiweka kwenye karo au mabati. Kubana mtaala ni hivyohivyo. Walimu wengine husema "kufupisha mtaala", na hapo maana inapotea, kwa sababu kufupisha ni kukata tu. Kubana ni kuondoa kile ambacho mwanafunzi fulani anakijua tayari, kisha kumrudishia muda ule kwa kazi nzito zaidi ya somo lilelile. Nusu ya pili ikikosekana, umemwacha mtoto akae tu akitazama dirishani.

Dhana yenyewe ilipata umbo Marekani miaka ya 1970 kwa kazi ya Joseph Renzulli na Linda Smith, na Sally Reis akaiendeleza. Walitengeneza karatasi ya safu tatu: ya kwanza unaandika sehemu ya mtaala, ya pili jinsi ulivyohakikisha kuwa mwanafunzi anaijua, ya tatu atafanya nini badala yake. Reis na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao mwaka 1993. Walimu waliweza kuwaondolea wanafunzi wenye uwezo mkubwa kati ya asilimia 40 na 50 ya kazi ya kawaida, na alama zao hazikushuka. Kubana si kurushwa darasa. Mtoto wa S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari hapa Uganda, anabaki S2, na marafiki zake na benchi lake.

Katika hesabu kubana ni kazi nyepesi. Mtoto ama anajua kugawanya sehemu, ama hajui. Maarifa ya Jamii, ile SST (Social Studies) ya shule ya msingi ambayo sekondari hugawanyika kuwa Jiografia na Historia pamoja na Elimu ya Siasa, ina mtego wake. Kukariri kunaweza kuvaa nguo za kujua, na mwalimu akapita bila kugundua.

Waulize S2 wa Tororo, mashariki mwa Uganda, swali moja: reli kutoka Mombasa ilifika Uganda mwaka gani? Aliyesoma sana atanyoosha mkono haraka: 1931. Huo ndio mwaka reli ilipofika Kampala, na kwa swali la mtihani huenda ikatosha. Lakini ujenzi ulianza Mombasa 1896, na mwishoni mwa 1901 reli ikafika ziwani, Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, katika Jimbo la Mashariki. Mwaka 1902 Waingereza wakaliondoa eneo hilo na kulitia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo kufikia 1901 reli ilikuwa imeshaingia Uganda, halafu Uganda ikahama. Mtoto anayejibu 1931 ana kumbukumbu nzuri. Yule anayeuliza kwanza, "Mwalimu, Uganda ya mipaka ipi?" ndiye wa kubaniwa mtaala, hata kama mtihani wake wa P7, wa kumaliza shule ya msingi, haukumpa ile jumla ya alama 4, iliyo bora kuliko zote, ambayo wazazi wetu huimba nayo. Renzulli mwenyewe, mwaka 1978, alieleza kipawa kuwa ni mambo matatu yanapokutana: uwezo uliopita wastani, ubunifu, na kujitia kazini kwa moyo. Karatasi ya matokeo huonyesha la kwanza, tena kwa mbali.

Ndiyo maana jaribio la kuanzia mada halifai kuwa maswali ya tarehe na majina peke yake. Mimi hutoa nusu ukurasa wenye sehemu mbili. Juu naweka mambo ya kujua: nani, wapi, lini, onyesha kwenye ramani. Chini naweka chanzo kifupi na maswali mawili: aliyeandika haya alitaka nini, na nani hakusikika? Anayepita juu tu namwondolea kunakili ubaoni, lakini kipindi cha kuchambua vyanzo anakaa na wenzake. Anayepita juu na chini ndiye anayeondoka na kazi nyingine kabisa.

Kazi gani? Hapa ndipo walimu wengi hukwama, nami nilikwama miaka. Jibu la haraka ni kumpa maswali ishirini zaidi, au kumfanya msaidizi wa kusahihisha madaftari (nimefanya yote mawili, na mtoto mmoja akajifunza kufanya kazi polepole makusudi ili asiongezewe). Kazi badala inapaswa kuwa ya aina nyingine, si ya wingi mwingine.

Chukua Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda. Darasa zima linasoma yaliyomo: Harry Johnston kwa upande wa Waingereza, ardhi ikagawanywa, maili za mraba 8,000 zikaenda kwa machifu na watu binafsi, na hilo neno "maili" likatuachia ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa na mtu binafsi, hadi leo. Mwanafunzi uliyembania mtaala ameshayajua hayo. Mpe kifungu cha 22, kinachosema kwamba katika kufasiri mkataba, maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayozifunga pande zote mbili. Mkumbushe kwamba Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa alizaliwa Agosti 1896, kwa hiyo siku ya kutia saini hakuwa amefikisha miaka minne, na baba yake Mwanga alikuwa uhamishoni Seychelles. Waliosimama mahali pa Kabaka huyo mdogo ni Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Sasa muulize: katika mkataba huu, nani alikubaliana na nani? Hao watatu walipata nini wao wenyewe katika mgao wa ardhi? Wiki mbili hazimtoshi. Akimaliza, mtume kwa wazee wa ukoo wake, Wajopadhola au Waiteso, akaulize mpaka wa shamba lao ulithibitishwa na nani na kwa ushahidi gani, kisha alinganishe ushahidi wa mdomo na ule wa karatasi.

Kuna kimoja ambacho sikibani kamwe: majadiliano. Mtoto anaweza kuwa amesoma kila kitu kuhusu kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, lakini hajamsikia mwenzake ambaye babu yake alipewa duka, wala yule ambaye babu yake alipoteza kazi duka lilipofungwa. Katika somo hili maoni ya wenzako ni sehemu ya somo. Mwenye kipawa ukimpeleka maktaba kila kipindi, utampata anayejua mengi na asiyejua kubishana na mtu aliye hai.

Darasa la watu 90? Usibane mtaala wa kila mtu katika kila mada. Anza na mada moja kwa muhula, wanafunzi watatu au wanne. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unasaidia, kwa kuwa una kazi za mradi, na tathmini ya darasani hubeba asilimia 20 ya matokeo ya S4. Kazi ya mkataba au ya mipaka ya shamba inaweza kuingia humo bila kumwongezea mwalimu mzigo wa pili.

Halafu atakuja mzazi. Atafungua daftari la Historia, akute kurasa tatu nyeupe mahali ambapo mtoto wa jirani amejaza, na atauliza kwa upole wenye makali: "Mwalimu, mwanangu huyu mnamfundisha kweli?" Hapo ile karatasi ya safu tatu inafaa kuwa kwenye faili, si kichwani mwako. Mwonyeshe safu ya kati, jaribio lenye mwandiko wa mwanawe. Kisha mwonyeshe safu ya tatu, na umwombe mtoto asome alichoandika kuhusu kifungu cha 22.