Tak! Kisha kimya: mambo tunayodanganyana kuhusu gari linalogoma kuwaka

Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi. Kazi ipo kwa lile linalogoma Jumatatu alfajiri, halafu likivutwa mpaka gereji linawaka kwa ufunguo mmoja, mwenye gari akabaki anaonekana mwongo. Ushauri humiminika, na mwingi wake hauulizi swali la kwanza kabisa: lilipogoma, injini ilikuwa inazunguka au haizunguki? Majibu hayo mawili ni magonjwa mawili tofauti.

"Likigoma, nunua betri."

Wakati mwingine ni kweli, maana joto letu huchosha betri mapema. Ila betri iliyochoka huwa na dalili zake: injini inazunguka kwa kujivuta, taa za dashibodi zinafifia, au unasikia tik-tik-tik-tik ya harakaharaka. Pima kwanza kwa mita ya volti. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Mtu apige stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, wewe ukiangalia mita: betri iliyojaa ikiporomoka chini ya 9.6, imechoka. Injini ikishawaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, altaneta (jenereta ya gari) haichaji, na hata betri mpya utailaza chini baada ya siku chache.

"Taa zinawaka, honi inalia, kwa hiyo umeme upo."

Upo, ila si lazima uwe wa kutosha. Taa mbili za mbele zinahitaji kama ampea 10. Stata ya gari dogo la petroli inavuta zaidi ya 100. Bomba lililoziba nusu hujaza kikombe bila shida, lakini jaribu kulijazia pipa. Kwa hiyo kichwa cha betri chenye unga mweupe, au waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) uliolegea pale unapofungwa kwenye injini, vitakuwashia taa vizuri tu na kukunyima stata. Weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu.

Corolla yangu haikuwa na tatizo hilo. Yenyewe ilikuwa ikisema "tak!" moja, nzito, kisha kimya. Unageuza tena, tak. Mara ya tano inawaka kana kwamba hakukuwa na ugomvi. Nilishabadilisha betri kabla fundi umeme mmoja mzee hajafungua stata na kunionyesha: ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa ya stata, mna vipande vya shaba vinavyokutanishwa ili umeme mkubwa upite kwenda kwenye mota. Kwenye stata za Denso, zinazofungwa kwenye Toyota nyingi, shaba hiyo hulika taratibu mpaka siku nyingine inagusa, siku nyingine haigusi. Vipande hivyo hubadilishwa peke yake. Aliyeniambia kwanza ninunue stata nzima sijui alikuwa hajui, au alijua sana.

"Igonge stata, itapona."

Kugonga ni kipimo, si dawa. Ukiigonga kidogo mtu akiwa ameshika ufunguo na gari likawaka, umejua ubovu uko humohumo: shaba, au kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota, zimeisha. Umenunua siku chache tu.

"Mashine ya kupima itasema."

Mashine inasoma kile ambacho kompyuta ya gari inakiona, na shaba iliyolika ndani ya stata haionekani huko. Mashine inasaidia zaidi pale injini inapozunguka lakini haiwaki. Chukua sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka: zipo zinazokata zikipata moto. Umetoka safari, umesimama kununua maji, gari linazunguka tu. Baada ya saa moja limepoa, linawaka. Huenda lisiache kosa lolote kwenye kumbukumbu. Mwambie fundi aangalie mizunguko ya injini kwenye mashine wakati anapiga stata. Ikisoma sifuri huku injini inazunguka, aanzie hapo. Na usingoje afike: ligomapo, rekodi kwa simu sauti na taa za dashibodi, hasa ile yenye alama ya ufunguo, ya kinga ya wizi.

"Chomoa betri injini ikiwa inanguruma, ukitaka kujua altaneta ni nzima."

Usikubali. Volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari.

"Lisukumeni."

Gari la gia za mkono likiwaka kwa kusukumwa, mafuta na cheche vipo. Ubovu uko upande wa betri na stata. La otomatiki msijichoshe. Likikaa kimya kwenye P, kanyaga breki, peleka gia kwenye N, jaribu tena. Likiwaka hapo, mwambie fundi aangalie swichi ya gia, ambayo mara nyingine imesogea tu na inataka kurudishwa mahali pake.