Pesa Iliyoingia Kimakosa: Dhana Potofu Kuhusu Falsafa ya Maadili

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Tanga, dereva wa bodaboda aliingiziwa shilingi 40,000 kwenye simu na mtu asiyemjua. Akausoma ujumbe kwa sauti, akacheka: "Riziki hiyo." Fundi cherehani, aliyekuwa akisogeza kete za drafti, akamjibu bila kuinua kichwa: "Riziki ya nani? Huyo kakosea namba." Mchezo ukasimama, mabishano yakaanza. Nilikuwepo, na kwa muda wa saa nzima nilisikia falsafa ya maadili tupu, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Nilisikia pia karibu kila dhana potofu inayoiandama.

"Falsafa ya maadili ni mawaidha tu"

Wengi wakisikia neno maadili wanamkumbuka mwalimu wa zamu na fimbo yake. Lakini mawaidha yanakwambia rudisha pesa, basi. Falsafa inakuuliza kwa nini urudishe, kisha inaijaribu sababu yako kama fundi anavyovuta mshono kuona kama utafumuka.

Fundi wetu alisema mtumaji huenda ana mgonjwa hospitali. Bodaboda akamgeuzia: "Na kama ni tajiri, hata hajui elfu arobaini imeenda wapi?" Fundi akajikuna kidevu. Alikuwa ameingia, bila kujua, kwenye ugomvi wa zaidi ya miaka 200. Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1789, alitaka tendo lipimwe kwa matokeo: raha na maumivu linayoleta. Kwa mizani hiyo, hali ya mtumaji ina uzito wake, na bodaboda ana pa kushika. Immanuel Kant, Mjerumani wa Königsberg, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1785 kwamba tendo lipimwe kwa kanuni inayoliongoza. Je, ungependa kila mtu aishi kwa kanuni ya "kilichoniangukia ni changu"? Kama hapana, utajiri wa mwenye pesa hauna nafasi kwenye kesi hii.

Kant ana mfano ambao ungefaa pale kijiweni. Muuza duka hamlangui mteja asiyejua bei, hata akiwa mtoto. Vizuri. Lakini kama anafanya hivyo ili asipoteze wateja, tendo ni sawa, ila bado hujajua kama mtu mwenyewe ni mwaminifu. Nikawakumbuka wenye maduka ninaowajua, nikaona heri nisiwapime.

"Wanaotazama matokeo wanatetea ubinafsi"

Hii fupi. Raha anayoihesabu Bentham ni ya kila anayeguswa na tendo, na yako haizidi ya jirani hata chembe. Aliwahesabu hata wanyama: kwake swali lilikuwa kama wanaweza kuumia, si kama wanaweza kufikiri au kusema. Ukiifuata kwa dhati, nadharia hii inakudai kuliko unavyotaka kutoa, na hapo ndipo wakosoaji wake wengi wanapoishikia.

"Kama sheria haikatazi, hakuna kosa"

Hoja hii aliitoa kijana wa chipsi wa jirani: "Hajaiba, kaletewa." (Kisheria huenda hata hapo hayuko salama, lakini tuliache.) Sheria na maadili hupishana mara nyingi, na sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kummiliki mtu kukaendelea kuwa halali mpaka amri ya mwaka 1897. Na hata amri hiyo ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake, huku bwana akilipwa fidia. Masuria wakawekwa kando, wakasubiri hadi 1909. Kama sheria ndiyo kipimo cha wema, basi kumuuza mtu kulikuwa kwema siku ya leo, kukawa uovu kesho yake, kwa sababu ya karatasi iliyotiwa saini. Aliyekuwa amefungwa mnyororo alijua kitambo.

"Kila jamii na mila zake, hakuna wa kumhukumu mwenzake"

Dhana hii ina sura ya unyenyekevu, ndiyo maana inapendwa. Mwanahistoria Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Dario, mfalme wa Uajemi, aliwauliza Wagiriki wangetaka malipo gani wawale baba zao waliokufa. Wakasema hakuna malipo ya kutosha. Akawaita watu wa kabila moja la India ambao, kwa masimulizi hayo, walikuwa wakiwala wazazi wao, akawauliza wangetaka nini wawachome moto wazazi hao, kama Wagiriki walivyofanya. Wakapiga kelele kwa kufuru hiyo.

Watu husoma kisa hiki wakahitimisha kwamba wema ni mila tu. Mimi naona wameharakisha. Kwanza, pande zote mbili zilikuwa zinalinda jambo moja: heshima ya mzazi aliyekufa. Zilitofautiana namna ya kuitimiza. Pili, kutoka "watu wanatofautiana" hadi "hakuna aliye sahihi" kuna mto, na daraja halijajengwa. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliliona tatizo la aina hiyo mwaka 1740: waandishi wanaeleza mambo yalivyo, halafu ghafla wanazungumzia yanavyopaswa kuwa, bila kusema wamevukaje. Tatu, ukishikilia kwamba hakuna wa kuhukumu, huna tena la kumwambia mwenye watumwa wa Unguja. Yeye naye alikuwa na mila.

"Mwenye dini hana haja ya falsafa hii"

Hapa kijiwe kilitulia, maana ustadhi mmoja alikuwa amekaa pembeni na tasbihi. Kijana wa chipsi akasema Mungu ameshasema, yamekwisha. Ustadhi ndiye aliyekataa: "Wanazuoni wenyewe walibishana, wewe umemalizaje?"

Ni kweli walibishana. Mutazila, kundi moja la wanazuoni wa Kiislamu, walisema akili ya binadamu inaweza kuutambua uzuri na ubaya wa matendo hata kabla ya kufikiwa na wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Ashaari, wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ashari, wakajibu kwamba jema ni jema kwa kuwa Mungu ameliamrisha. Al-Ashari mwenyewe alikuwa Mutazila kabla ya kuwageuka. Miaka zaidi ya elfu moja kabla yake, Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alimwandika mwalimu wake Socrates akimuuliza Euthyphro, mtu aliyekuwa anamshtaki baba yake mzazi kwa kuua: miungu inalipenda jambo kwa kuwa ni jema, au ni jema kwa kuwa inalipenda? Na katika karne ya 13 Thomas Aquinas, padri Mkatoliki, alifundisha kwamba misingi ya sheria ya asili, yaani ya mema na mabaya kwa watu wote, inafikiwa kwa akili. Hao, ukimtoa Socrates na miungu yake ya Athens, ni watu waliosali na kufunga.

"Haya ni mambo ya Wazungu"

Majina mengi niliyotaja ni ya kwao, nakubali. Lakini angalia Kiswahili kinachofanya na neno moja. Mtu, utu. Umebadilisha kiambishi tu, umetoka kwenye kiumbe ukaingia kwenye wema. Kisha tunasema "mtu ni utu", na mwenye roho mbaya tunamwambia "huyo si mtu", ilhali ana mikono miwili na kitambulisho. Basi utu ni kitu unachozaliwa nacho, au unakipata kwa matendo? Kama unazaliwa nacho, unaupotezaje? Kama unapatikana kwa matendo, mtoto mchanga anaheshimiwa kwa lipi? Malenga wa Mombasa Ahmad Nassir Juma Bhalo aliona neno hilo linastahili utenzi mzima, akauita *Mtu ni Utu*. Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Ugiriki, aliyesema tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara, angepata pa kukaa kwenye baraza hilo, na sidhani kama angekuwa ndiye mwenye sauti kubwa.

Simu ya bodaboda ikaita. Mama mmoja, anahema, anaomba radhi, namba moja ya mwisho ndiyo aliyoikosea. Bodaboda akamsikiliza, akasema, "Usijali mama, narudisha sasa hivi." Akarudisha, akiwa amekata makato ya kutuma.

"Makato umemkata kwa nini?" fundi akamuuliza.

"Aliyekosea namba ni nani, mimi?"

Ustadhi akasogeza kigoda karibu. Muuza kahawa akaongeza mkaa.