Mabadiliko ya vinasaba katika kirusi cha homa ya ini B

Jirani yangu wa Buguruni aligundulika ana homa ya ini B alipokwenda kuchangia damu. Baada ya vipimo vingine akaja na karatasi, kidole juu ya mstari wa HBeAg. "Kaka, si unaona, hasi! Nimeshapona." Mstari wa juu yake, HBsAg, kipimo kinachoonyesha kama kirusi bado kimo mwilini, ulisema chanya, ila huo hakuutazama.

HBeAg ni protini ambayo kirusi huimwaga kwenye damu. Zamani ikikosekana ilihesabiwa kuwa kirusi kimetulia, na kwa wengi ndivyo ilivyo. Lakini kuna virusi vilivyoacha tu kuitengeneza, huku vikiendelea kuzaliana.

Vinaachaje? Maelezo yote ya kirusi hiki yameandikwa kwa herufi za kinasaba zipatazo 3,200, kitu kidogo sana. Kinapojizalisha, DNA yake hunakiliwa kuwa RNA, kisha RNA hurudishwa kuwa DNA, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kurudisha hakisomi upya kilichoandika. Ni kama mchapaji wa steshenari Kariakoo mwenye foleni mlangoni: anapiga, anaprinti, "anayefuata!" Mwili wa mtu mmoja unaweza kutoa virusi zaidi ya bilioni 100 kwa siku, kwa hiyo makosa hayakosekani. Mengi hukiua kirusi chenyewe. Machache hukifaa, na hayo ndiyo yanayobaki na kuenea.

Kosa mashuhuri liko kwenye herufi ya 1896: G ikigeuka A, katikati ya sentensi inatokea nukta, na protini ya e, yaani ile HBeAg, haikamiliki. Lingine ni la jozi, 1762 na 1764, kwenye sehemu inayofanya kazi kama swichi ya kupunguza au kuongeza utengenezaji wa protini hiyo. Hapo e hupungua bila kirusi kupungua. Kirusi hiki kina makundi kadhaa ya kinasaba; Afrika Mashariki cha kundi A ndicho kinachotawala, na kwa umbile lake lile la 1896 hulipata kwa nadra, kwa hiyo kwetu jozi hii ina uzito zaidi. Huonekana mara nyingi kwa wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, na saratani ya ini. Si kwamba ukiwa nayo basi saratani inakusubiri. Umri, pombe, VVU na miaka uliyoishi na kirusi vyote vinahesabika.

Ini lenyewe haliharibiwi na kirusi moja kwa moja. Askari wa mwili ndio wanaozivamia seli zilizoambukizwa, ini linavimba, linapoa, linavimba tena, na kila mzunguko unaacha kovu. Makovu yakijaa, ini linakakamaa: ndiyo sirosisi. Na mgonjwa anaweza kuwa anabeba magunia sokoni bila kuhisi lolote.

Dawa nazo huchangia mabadiliko: virusi vinavyozihimili ndivyo vinavyobaki. Lamivudini ikitumika peke yake kwa miaka, kirusi hubadilika kwenye nafasi ya 204 ya kimeng'enya chake na kuizoea. Kwa tenofovia usugu ni nadra mno.

Jirani alirudi kupima wingi wa virusi na ALT, kimeng'enya cha ini kinachopanda seli zikiumia. Vyote viwili vilikuwa juu. Sasa anameza tenofovia kila usiku baada ya taarifa ya habari, na kila miezi sita anapigwa ultrasaundi ya ini.